Shata iliyoganda haitaki mafuta

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia kamera ya Canonet QL17 GIII, ambayo aliitumia kupiga picha za harusi hapa Moshi. Vibati vya shata (ile sehemu inayofunguka kupitisha mwanga) hufunguka kwa uvivu na mara nyingine hubaki wazi, na ile picha ya pili inayosaidia kupima masafa imefifia sana katika kitundu cha kutazamia. Nina bisibisi ndogo ndogo, na jirani mmoja ameniambia nipulizie mafuta ya kulegezea kutu. Nianzie wapi? (Msomaji, Majengo, Moshi)

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuondokewa na mzee. Anza kwa kuyarudisha hayo mafuta ulikoyatoa, kabla hata hujashika bisibisi. Hapa Arusha napokea mara kwa mara kamera za namna hii ambazo zimekwisha kunyweshwa mafuta, ya cherehani au ya kopo la kupuliza, kwa imani kwamba chuma chochote kinachokwama kinadai kulainishwa. Imani hiyo inafaa kwa bawaba ya mlango na mnyororo wa baiskeli. Kwa shata ya vibati ni kinyume kabisa, kwa sababu vibati hivyo vimeundwa vifanye kazi vikiwa vikavu. Ni vyembamba, vinalaliana, na springi inayovisukuma haina nguvu nyingi, hivyo tone moja likipenya katikati yake huvishikanisha kama vioo viwili vilivyolowa maji. Ukikumbuka kwamba kwa kasi ya 1/500 ya sekunde vibati vinatakiwa kufunguka na kufunga ndani ya milisekunde mbili tu, utaelewa kwa nini hata utando usioonekana kwa macho unatosha kuharibu kazi yote.

Kwa kamera za umri huo, kinachogandisha vibati mara nyingi ni mafuta hayo hayo. Grisi iliyopakwa kiwandani kwenye nyuzi za fokasi (mikato kama ya skrubu inayosogeza lenzi) huzeeka, sehemu yake nyepesi hujitenga, hasa kamera ikihifadhiwa mahali pa joto, na hutambaa taratibu hadi kwenye shata. Ukiongeza mengine, siku ya kwanza shata itaruka vizuri kwa kuwa mafuta mapya yameyeyusha yale yaliyoganda, na hapo ndipo anayejiita fundi hudai malipo yake. Baadaye vumbi hunata, mafuta hutambaa hadi kwenye lenzi za ndani, na mwenye kamera huja kwangu na kazi iliyokuwa ndogo ikiwa imekuwa kubwa.

Shata yako inahitaji kusafishwa. Pete yenye maandishi mbele ya lenzi hufunguka kwa kukandamiza kizibo cha mpira na kukizungusha kinyume cha saa. Baada yake hutoka kundi la lenzi za mbele, na vibati huonekana. Piga picha kwa simu kila hatua. Lowanisha kidogo pamba iliyozungushwa kijitini kwa mafuta mepesi ya viberiti vya utambi, ambayo hapa ni ya kusafishia na hukauka, si ya kulainisha, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali, ufute, ufyatue shata, ufute tena. Usidanganyike na mzunguko wa kwanza, kwa maana kimiminika kikikauka mafuta yaliyosogea pembeni hurudi na vibati hukwama upya. Rudia hata mara tano au sita, mpaka viruke vikiwa vikavu kabisa. Ikiwa kasi ya 1/4 na 1/8 bado zinasuasua, uchafu uko kwenye gia za kasi ndogo. Hapo ndipo mafuta yana haki yake, tena ya saa, kwa ncha ya sindano, kwenye ekseli tu, na kazi hiyo usiifanyie sebuleni. Nyuzi za fokasi nazo usizitenganishe: zina mianzo kadhaa, yaani mahali pa kuanzia kuzifunga, na ukikosea mmoja lenzi haitafika tena kwenye masafa ya mbali.

Kuhusu picha iliyofifia, fungua kifuniko cha juu, usafishe vioo vya madirisha kwa ndani, lakini kile kioo kinachogawa mwanga ukipulizie hewa tu kwa kipulizio cha mpira. Utando wake ni laini mno. Nimeletewa kamera ambayo kioo hicho kilifutwa kwa pindo la shati, na picha ya pili ikatoweka moja kwa moja. Ukimaliza, weka lenzi kwenye alama ya mbali kabisa na utazame kilele cha Kibo asubuhi kabla mawingu hayajakifunika. Picha mbili zisipolingana, kipimo cha masafa kinahitaji kurekebishwa.

Wapo wanaosugua ukungu wa lenzi kwa dawa ya meno, ambayo hukwangua utando wa kioo pamoja na ukungu. Wapo pia wanaofungua kamera isiyo na kasoro yoyote: Canonet ikiwekwa kwenye A, alama ya kamera kujipangia mwanga yenyewe, wakati betri imekwisha, shata hujifunga kwa makusudi, na mtu aliyepaswa kugeuza pete tu huanza kung'oa skrubu. Kwa hiyo, kabla ya kumwachia yeyote kamera ya marehemu, muulize atatia mafuta gani na mahali gani hasa. Akijibu kwamba atayatia kwenye vibati, chukua kamera yako uondoke.