Redio ya masafa mafupi au intaneti?

SWALI: Napenda kusikiliza idhaa za nje nikiwa nyumbani, lakini redio yangu ya masafa mafupi siku hizi inakoroma tu. Jamaa wananishauri nihamie kwenye intaneti. Je, niwafuate, au ninunue redio mpya?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kununua chochote, taja vituo unavyovitaka hasa, kisha tazama ratiba ya masafa ya kila kimoja, kwa sababu idhaa nyingi zimepunguza matangazo ya masafa mafupi, BBC, kwa mfano, iliacha kuirushia Amerika ya Kaskazini mwaka 2001. Ratiba zenyewe hubadilika kila mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba, hivyo kituo unachodhani kimekufa huenda kimehamia masafa mengine tu.

Iwapo vituo vyako bado viko hewani, usiitupe redio hiyo. Mara nyingi mkoromo hautoki redioni, bali kwenye chaja za simu na taa za LED. Itie betri, isogeze dirishani usiku, iweke kwenye bendi ya mita 31, karibu na megahezi 9.5, kisha chomoa chaja moja baada ya nyingine. Sauti ya mtangazaji ikijitokeza ghafla, umeshampata mkosaji. Waya wa mita 5 hadi 10 uliotandazwa nje, mbali na nyaya za umeme, na kubanwa kwenye antena, husaidia sana, ila uuondoe mvua ya radi inapokaribia. Mawimbi haya hurudishwa ardhini na tabaka la juu la angahewa liitwalo ionosfia, ambalo hutegemea jua, kwa hiyo mchana tafuta megahezi 15 au 17, na usiku shuka chini ya 10.

Intaneti, kwa kweli, ina sauti safi zaidi, na matangazo ya kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban megabaiti 29 kwa saa. Ukisikiliza saa 3 kila siku, tenga gigabaiti 2.6 kwa mwezi. Kama mtandao wako hautetereki, ningekushauri uifanye kuwa njia yako ya kila siku. Hata hivyo redio ibaki mezani, kwani masafa mafupi hayahitaji bando, na hupatikana hata mtandao ukizimika. Redio mpya nunua tu ikiwa ya sasa imeshindwa jaribio la dirishani, na uchague yenye kioo cha tarakimu na tundu la antena ya nje.