Pampu ya pili usiiunge kwenye waya wa ya kwanza
Kaka, hapo unapouliza kama unaweza kuunga pampu ya pili ya mafuta kwenye waya wa ile ya kwanza, usifanye. Ule waya umepigiwa hesabu ya pampu moja, ukiubebesha mbili unachemka na volti zinashuka, pampu zote zinazunguka kivivu halafu utalaumu turbo bure.

Weka rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Pini zake zina namba: 30 moto (chanya) wa betri moja kwa moja, fyuzi ikae karibu kabisa na betri sio kule nyuma, 87 iende kwenye pampu, 85 ethi (hasi, kwenye bodi ya gari), na 86 ndo unaigusisha kwenye waya wa pampu ya zamani, hapo inachukua ishara tu, so injini ikizima zote mbili zinakata. Ila kama kompyuta ya gari inacheza na spidi ya pampu, hiyo ishara haifai, rilei itatetemeka tu.

Ethi kwangua rangi mpaka uone chuma, mi hapo niliteseka wiki nzima gari haivuti kumbe boliti imekaa juu ya rangi. Ukimaliza pima volti pale pale kwenye pampu injini ikiunguruma, ikipungua zaidi ya nusu volti kuliko kwenye betri rudia maungio.