Presha "imeshuka vizuri" baada ya kujifungua? Angalia damu kwanza

Pole sana kwa yaliyomkuta dada yako. Umesema aliingia leba na presha ya 170/110, baada ya kujifungua ikasoma 115/75, akaambiwa anaendelea vizuri, kumbe damu inamtoka. Mimi ni mkunga, na kesi za namna hii zinaniuma kwa sababu dalili huwa ipo, ila inasomwa vibaya.

115/75 ni nzuri kwa mtu mwingine. Kwa aliyekuwa na 170 saa chache nyuma, ni kengele ya hatari. Ujauzito wa kawaida huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na hiyo ndiyo akiba ya siku ya kujifungua. Mwenye priklampsia kali, yaani ugonjwa wa presha ya ujauzito, anaikosa akiba hiyo: mishipa imebana na maji ya damu yamehamia miguuni na usoni. Kiasi ambacho mwenzake angekihimili, yeye kinamwangusha. Mapigo ya moyo nayo yanaweza kukuficha, maana labetaloli, dawa ya kushusha presha, huyapunguza kasi. Hata kipimo cha maabara cha wingi wa damu mwilini (himoglobini) kikichukuliwa mapema kisikutulize, kwa kuwa damu yake ilikuwa nzito tangu mwanzo.

Kwa hiyo ninapima damu yenyewe. Macho hukadiria chini, hasa damu ikishanywewa na mashuka. Mtoto akitoka tu, mfuko wenye alama za mililita unawekwa chini ya makalio, ili maji ya uzazi yasichanganyike na damu. Pedi zinakwenda kwenye mizani: kavu ni gramu 30, iliyolowa 210, basi hapo zimetoka kama mililita 180. Mabonge pia yanapimwa.

Mpaka uliozoeleka wa kusema damu imetoka nyingi mno ni mililita 500, lakini mwongozo wa WHO wa 2025 unataka hatua zichukuliwe kuanzia 300 ikiwa dalili nyingine yoyote si ya kawaida. Kwa mama wa presha, mimi ikifika 300 naita daktari, sisubiri. Na mkono wangu unarudi tumboni kila mara kuhakikisha mfuko wa uzazi umekaza, kwani magnesiamu ya kuzuia degedege inaweza kuulegeza. Akitokwa damu anapewa oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi. Ergometrini, dawa nyingine ya kazi hiyo, hapana, inapandisha presha. Dripu nazo kwa kipimo, mapafu yake hujaa maji upesi.

Dada yako akishika ujauzito mwingine, aseme yote mawili tangu hudhurio la kwanza la kliniki: alikuwa na presha, na alitokwa damu nyingi. Yaandikwe kwenye kadi, na ajifungulie hospitali yenye damu ya kuongezewa na chumba cha upasuaji.