Jina la uwanja wa ndege na fungu la fedha

Ndugu, umeuliza iwapo uwanja wetu wa Kisumu, ungekuwa Marekani, ungepata fedha zaidi za serikali kwa kuitwa wa kimataifa. Jina halina uzito huko. Kinachohesabiwa ni abiria wanaopanda ndege kwa mwaka, wala si wanaoshuka, hivyo mama anayetoka Nairobi kuja Kisumu angehesabiwa alikopandia tu. Uwanja wa ndege za ratiba unaovuka abiria 10,000 huitwa wa msingi, kisha ngazi hupangwa kwa sehemu yake ya abiria wote nchini: asilimia 1 au zaidi ndio mkubwa. Uwanja mdogo wa ndege za binafsi hauachwi, kwani unaweza kutengewa hadi dola 150,000 kwa mwaka, ingawa kwa maoni yangu hizo hazitandiki lami ya maana.