Shangazi wa Sindano: Umenunua faili, hujanunua ua

Barua za mwezi huu nimezipanga mezani kando ya mashine, na nyingi zinazunguka swali lile lile: dizaini ya darizi ni ya nani? Mimi si mwanasheria. Ni fundi wa Tanga mwenye mashine ya kichwa kimoja, na ninayoyaandika hapa nimeyasoma kwenye leseni moja moja, mengine nikajifunza kwa kuumia. Kesi ikikufikia, mtafute wakili.

*Shikamoo Shangazi. Nilinunua dizaini ya waridi mtandaoni kwa dola 4, nikaishona kwenye mataulo ya shoga yangu siku ya kicheni pati yake. Wageni watatu sasa wanataka niwashonee kwa pesa. Mume wangu anasema nimeshalipa, kwa hiyo ni mali yangu nifanye nitakavyo. Ni kweli? — Mke wa Mbishi, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Mumeo amepatia nusu. Taulo ni lako, uzi ni wako, jasho ni lako. Waridi si lako. Ile dola 4 ni kama kodi ya chumba: unalala, unapika, unapokea wageni, lakini huwezi kukiuza chumba wala kumkatia mwenzio funguo.

Rudi kwenye folda uliyoshusha siku ile. Utakuta ua moja limeandikwa mara tano, kila mara kwa aina ya faili ambayo mashine fulani inaisoma: PES ya Brother, JEF ya Janome, VP3, EXP, na DST. Pembeni kuna kifaili kidogo cha maandishi ambacho hatukifungui, maana haraka yetu ni kuona ua likitoka kwenye kitambaa. Kifungue leo. Humo ndimo mwenye dizaini alimosema amekuruhusu nini. Wapo wanaoruhusu matumizi binafsi tu, yaani kwako, kwa watoto, na zawadi. Kama lako liko hivyo, taulo la shoga lilikuwa halali, ila haya matatu ya pesa hapana. Wengine wanaruhusu kuuza vitu vilivyoshonwa, kwa masharti. Leseni moja niliyo nayo inaniruhusu vipande 50 kwa mwaka, nishone mwenyewe kwa mashine yangu, nisipeleke kiwandani. Mafundi wa Marekani wana jina zuri kwa ruhusa za namna hii, wanaziita sera ya malaika. Malaika mwenye kuhesabu mataulo, lakini ni malaika.

Kama kifaili hakisemi lolote kuhusu kuuza, usichukue kimya kuwa ndiyo. Mwandikie. Mimi niliwahi kumwandikia mchoraji mmoja kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, nikamweleza nashona foronya nyumbani, si kiwanda. Siku mbili baadaye akajibu kwamba niongeze dola 10 na niendelee. Barua pepe ile nimeichapa, iko kwenye droo pamoja na risiti ya mashine.

Na jambo ambalo sijaona leseni ikilifumbia macho ni kugawa faili lenyewe. Ukimpa shoga taulo, umempa taulo. Ukimrushia faili kwa simu, umetengeneza nakala, na hata ukimpa bure bado ni nakala. Hapo hapo wanaingia wale wa flashi zenye dizaini maelfu kwa bei ya sahani ya pilau. Aliyekuuzia flashi hakuwa na ruhusa ya kukuuzia, na wewe kulipa pesa hakujakupa ruhusa ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo.

*Shangazi, kuna fundi hapa mtaani anasema ukibadilisha dizaini asilimia 20 inakuwa yako kisheria. Nimemkuza tembo wa watu kwa asilimia 20 na kumbadilisha rangi. Niko salama? — Kijana wa Tembo, Dodoma*

Nimecheka mpaka nikakata uzi. Baba, asilimia 20 ipo kweli, ila si ya mahakamani. Ni kanuni ya mashine! Dizaini iliyokwisha kupangiwa mapigo ya sindano ukiikuza au kuipunguza kupita hapo, bila programu ya kuyapanga upya, inaharibika. Ukiikuza, mapigo yanaachana na kitambaa kinachungulia. Ukiipunguza, uzi unarundikana, sindano inavunjika. Mtu kaisikia hiyo kwa fundi, akaichanganya na sheria, ikatembea.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 haina asilimia hiyo, na sijaikuta kwenye sheria ya nchi nyingine. Kinachotazamwa ni kama ulichukua kazi ya mwenzio. Kubadilisha rangi ndiyo usiitaje kabisa, maana DST yenyewe haibebi rangi. Kila anayeifungua anachagua nyuzi zake. Kugeuza PES kuwa JEF nako ni kuhamisha mchele kutoka gunia hili kwenda ndoo ile.

Tembo kama mnyama hana mwenyewe. Chukua penseli, mchore wako, na mkonga uupeleke unakotaka.

*Shikamoo Shangazi. Kaka yangu aliniletea mashine ya Brother ya mtumba, na ndani yake mna Mickey Mouse na wenzake. Mashine imelipiwa, dizaini zimo ndani kwa asili. Naweza kushona fulana za watoto na kuuza? Pia nimesikia Mickey sasa ni wa watu wote. — Mama Pacha, Mbeya*

Marahaba Mama Pacha, na hongera kwa mashine. Pacha wako washonee mpaka wachoke, lakini usiuze. Brother waliingia mkataba na Disney kuziweka picha zile ndani ya mashine kwa ajili ya matumizi binafsi ya nyumbani, na mashine kubadilisha mikono hakukuongezei haki ambayo mnunuzi wa kwanza hakuwa nayo. Mashine ya mtumba mara nyingi huja bila kile kitabu chake chenye masharti, ndiyo maana wengi hawajui.

Ulichosikia kina ukweli mdogo. Mickey wa filamu fupi ya 1928, yule wa nyeusi na nyeupe, mwembamba, anayeendesha meli, muda wake wa hakimiliki uliisha Marekani tarehe 1 Januari 2024, baada ya miaka 95. Ni yule, na wa filamu za miaka michache iliyofuata, ambazo muda wake nao unaisha mwaka baada ya mwaka, basi. Aliyemo kwenye mashine yako ana sura za miaka ya baadaye. Halafu kuna ukuta wa pili: jina na sura vimesajiliwa pia kuwa alama za biashara, na alama ya biashara haina uzee, inahuishwa tu. Ukuta huo ndio unaowazunguka pia Simba na Yanga. Kofia yenye nembo ya klabu ukijishonea uende nayo Lupaso, uwanja wa Mkapa, ni mapenzi yako. Ukizipanga mlangoni hamsini, hiyo ni biashara kwa nembo ya wenyewe.

*Assalaam alaykum Shangazi. Nashona mikoba na fulana za watalii zenye maneno Hakuna Matata. Mgeni mmoja akaniambia maneno hayo yana mwenyewe Marekani. Kiswahili chetu kina mwenyewe Marekani? — Mshonaji, Nungwi*

Waalaykumu salaam. Mgeni hakudanganya. Disney waliomba mwaka 1994, na 2003 maneno hayo yakasajiliwa Marekani kuwa alama ya biashara kwa ajili ya fulana. Mwaka 2018 habari ilipoenea, watu wengi wa huku kwetu walikasirika na kutia saini malalamiko. Mimi nilikuwa mmoja wao. Bado nimekasirika.

Lakini usajili wa alama una mipaka ya nchi. Haumkatazi Mswahili kusema, na ule wa Marekani hauingii dukani kwako Nungwi. Kumbuka Zanzibar mna vyombo vyenu katika mambo haya: hakimiliki ni COSOZA na sheria yenu ya 2003, alama za biashara ni BPRA, kama bara tulivyo na COSOTA na BRELA. Utakapoanza kuuza mtandaoni kwa wateja wa Marekani, hapo utakuwa umeingia uani kwao, na duka la mtandao linaweza kukuondolea bidhaa bila kukusikiliza. Shona "Pole Pole". Shona "Karibu Nungwi". Maneno hatujaishiwa.

*Shangazi, mama yangu aliacha foronya alizodarizi kwa mkono, maua na maneno "Usiku Mwema". Nataka kuzigeuza kuwa dizaini za mashine na kuuza faili. Nina haki? Na mtu akiniibia nitajuaje? — Binti wa Mshonaji, Mombasa*

Mwanangu, barua yako nimeiweka mwisho kwa sababu inanihusu.

Mimi ninayo foronya ya bibi yangu. Kona moja ina waridi na majani mawili, chini yake "Lala Salama", na ile *m* ina mguu mmoja mrefu kwa sababu uzi ulimwishia akaunga. Nilipopata kompyuta nikaipiga picha, nikaiweka kwenye Ink/Stitch, programu ya bure inayokaa juu ya Inkscape, nikaanza kuifuata petali moja moja. Jioni tisa. Unaamua uzi ulale upande gani, unaweka mishono ya chini ya kushika kitambaa, unaongeza upana kidogo maana uzi ukivutwa ua linasinyaa. Ilipokamilika ilikuwa mapigo 11,400, ikaingia kwenye fremu ya milimita 130 kwa 180. Kwenye jani la kushoto panya wa kompyuta aliteleza: mapigo matatu yametoka nje ya ukingo, kama unywele. Nikasema nitarekebisha kesho.

Nikampa faili mwenzangu mmoja. Nikamwambia, tumia tu. Miezi haikuwa mingi nikakuta shuka sokoni, seti nzima, waridi la bibi kwenye kila foronya. Nikainama kama mtu anayetazama pamba. Jani la kushoto, mapigo matatu nje ya ukingo. Muuzaji akaniambia dizaini hiyo "ni ya zamani, kila mtu anayo". Na kweli kila mtu alikuwa nayo, maana nilipouliza nikaambiwa imo kwenye flashi.

Nilirudi nyumbani na hasira, nikafungua kompyuta niandike barua kali. Kando ya faili langu kulikuwa na folda ya alfabeti na vipepeo nilivyokuwa nimewagawia watu wale wale mwaka uliopita, vya mchoraji nisiyemjua, kwa maneno yale yale: tumieni tu. Barua sikuiandika.

Sasa swali lako. Waridi halina mwenyewe, wala "Usiku Mwema", wala ufundi wa kushona. Kinacholindwa ni jinsi mama alivyolichora. Kama alilibuni mwenyewe, hakimiliki ilianza siku aliyolidarizi, bila muhuri wa mtu, na Kenya kama Tanzania haki hiyo huendelea miaka 50 baada ya mwenyewe kufariki. Bibi yangu alifariki 1987, kwa hiyo kwetu ni hadi mwisho wa 2037, na haki ni ya warithi wote, si mjukuu mwenye kompyuta. Kaeni na ndugu zako kabla ya kuuza. Mimi nilianza na wajomba. Mmoja alidhani namwomba foronya yenyewe.

Kuna jambo jingine la kumuuliza shangazi yako kama yu hai: je, mama alilichora, au alilipitisha kwa karatasi ya kaboni kutoka gazeti la mitindo? Mama zetu wengi walifanya hivyo, na si aibu. Ila kama lilitoka gazetini, mchoro ni wa gazeti au mchoraji wake, hata kama mikono ilikuwa ya mama. Na kama ni nakshi ya jadi ya watu fulani, mfano viua vya kofia, usiseme ni buni yako. Sheria yetu ya 1999 ina sehemu kuhusu sanaa za jadi, na ninyi Kenya mna sheria yenu maalumu ya 2016.

Kuhusu kuibiwa, hifadhi kila hatua: picha ya foronya, michoro yenye makosa, faili la kazi lenye tarehe, si DST ya mwisho peke yake. Kusajili si lazima ili uwe na haki, lakini cheti cha KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kinakufaa siku ya ubishi. Andika masharti yako kwa Kiswahili, mistari mitano, uyatie kwenye kila folda unayouza: nani ashone, auze vingapi, asigawe. Na weka alama. Wewe ni wa Mombasa, umekua ukiona kanga zenye "K.H.E. Mali ya Abdulla" ukingoni, nawe tafuta kona yako, herufi mbili ndogo ndani ya jani, ambazo asiyejua atadhani ni mishipa.

Mimi herufi sikuweka. Nimeacha mapigo matatu.