Kamelia hapa Wete?

SWALI: Mwanangu aliyeko Uingereza kanitumia picha ya kamelia. Nina uwanja mkubwa, nataka niipande vuli hii pamoja na maua mengine. Itakubali? – Bibi wa Wete

JIBU: Shikamoo, bibi. Kamelia ni ndugu wa damu wa mchai: anataka baridi na udongo wenye uchachu, kama wa Lushoto au Mufindi. Huko kwa mwanao huipanda majani yanapopukutika, ardhi ikiwa bado ina joto. Hapa utalea majani tu. Pesa yako iweke.

Vuli yenyewe tuitumie. Mvua ikishalowesha ardhi, chimba, tia samadi iliyooza. Asumini iweke juani kabisa. Mkilua ni mti wa kivulini, mpe chini ya mwembe. Mlangilangi ukate kichwa mapema, la sivyo maua utayaangalia tu huko juu. Kaskazi ikianza, mwagilia asubuhi.

Asumini ikimaliza kuchanua, ipogoe bila huruma. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Na chuma jioni, vitumba vikiwa vimefumba. Vikifunguka mtini, kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, kitanyauka kabla bi harusi hajatoka.