Baridi ilinifunga mdomo, sasa rafiki anadhani nimemchoka

*Shikamoo shangazi. Rafiki yangu anapenda sana majira ya baridi. Jumamosi alinitoa, tukazunguka mjini kutwa nzima: kando ya mto, kwenye uwanja wa kuteleza juu ya barafu, na picha kila kona. Haikupita saa moja vidole vyangu vikafa ganzi, lakini kila aliponiuliza nilimwambia niko sawa. Mwishowe nikawa kimya kabisa, na alipotaka picha moja zaidi nilimfokea nikaenda zangu. Tangu siku hiyo ananijibu kwa neno moja moja, ila jana amenialika tena Jumamosi ijayo. Nizue udhuru? Au ndiyo basi, hatufai kuwa marafiki?*

Marahaba, mwanangu. Udhuru usizue, na urafiki wenu hauna ugonjwa wowote. Uliamua kufa na tai shingoni, kisha ukamnunia mwenzako kwa kutokuja mazishini.

Hebu jiweke mahali pake. Kila alipokuuliza ulimhakikishia kuwa mambo shwari. Kisha mtu huyo huyo aliye shwari anaanza kupunguza maneno, anakunja uso, anafoka. Angejuaje kuwa ni baridi? Mtu aliyejikunyata ndani ya koti, skafu imempanda hadi puani, hasomeki. Akabaki na maelezo mepesi kuliko yote: nimemchosha. Hayo majibu ya neno moja moja nayasikia kama ya mtu anayeogopa kukuudhi tena kuliko ya mtu mwenye kinyongo. Mtu aliyekukinai hakualiki Jumamosi ya pili.

Naye simtakasi. Anayepiga picha anahangaika huku na huku, anachuchumaa, anarudi nyuma, mwili unapata joto. Anayepigwa amesimama wima kama mlingoti, tena glavu amezivua ili picha ipendeze (usinikatalie, najua ulizivua). Na upepo wa mtoni haubembelezi mtu: hewa ikiwa nyuzi 0 na upepo ukivuma kilomita 30 kwa saa, ngozi inahisi kama ni nyuzi 6 chini ya sifuri. Nyote wawili mlikuwa jiji moja, ila baridi iliyokupata wewe siyo iliyompata yeye.

Wala usione aibu kwamba ulishindwa. Mwili ukipoa hubana mishipa ya damu ya mikononi na miguuni ili joto libaki kwenye moyo na viungo vya ndani, ndiyo maana vidole hutangulia kufa ganzi. Hapo hata ujikaze kisabuni, mishipa haifunguki.

Sasa mpigie simu. Ujumbe wa maandishi hapana, maana kwa hali mliyo nayo kila nukta itatafutiwa maana. Mwambie hivi: "Ile Jumamosi nilikuwa nimeganda, nikaona haya kusema. Sikukukasirikia wewe. Samahani kwa kukufokea." Ishia hapo. Ukiongeza "lakini na wewe…" utakuwa umefungua kesi upya.

Akishacheka, na nadhani atacheka, pangeni siku upya. Tokeni karibu na saa sita mchana badala ya jioni, kwa sababu majira hayo jua huzama mapema na baridi huongezeka. Changanyeni nje na ndani: mtembee kidogo, muingie makumbusho au maktaba, mtoke tena. Kuingia ndani kuwe kwenye ratiba tangu mwanzo, kabla vidole havijafa, ili usijione unaombewa huruma. Picha zipigwe mwanzoni, ukiwa bado na uso wa kutabasamu.

Mavazi nayo yalikuangusha, nahisi. Fulana ya pamba ikilowa jasho hubaki na unyevu na kukupoza mgongo. Vaa ya sufu, kisha sweta, kisha koti linalozuia upepo. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana ni kujidanganya, kwani damu haipiti vizuri na hewa ya kushika joto haina nafasi. Ukipata glavu za mfuko mmoja, zile ambazo vidole vinne hukaa pamoja, chukua hizo. Hazina urembo, lakini vidole hupashana joto.

Kuna jambo hukuligusa kwenye barua. Vidole vyako vikipatwa na baridi hugeuka vyeupe kabisa, kisha vya buluu, halafu vyekundu vikianza kupata joto? Ikiwa ndivyo, nenda kwa daktari. Hali hiyo huitwa Raynaud, kwa jina la daktari Mfaransa Maurice Raynaud aliyeieleza mwaka 1862. Kwa wengi si ya kutisha, ila wakati mwingine huwa na ugonjwa mwingine nyuma yake, na ni vizuri upimwe. Rafiki yako naye ajue, ili siku nyingine akiona umeanza kuficha mikono kwapani asisubiri umwambie.

Ukishamweleza yote haya, kisha bado akakuburuta kando ya mto kutwa nzima kana kwamba hakusikia kitu, niandikie tena. Hapo tutakuwa na mazungumzo ya aina nyingine.